Boksi linasema wati 300, taa inazimika saa tatu usiku

Anayenunua taa za sola za nje, ziwe za duka lake au za kuuza ng'ambo ya mto, anahitaji mizani, utepe na hesabu ya kugawanya kwa kumi na mbili

RUSIZI, Rwanda

Mjini Kamembe jua huzama karibu saa kumi na mbili jioni na kuchomoza karibu saa kumi na mbili asubuhi, Januari kama Julai. Wilaya ya Rusizi iko digrii mbili na nusu tu kusini mwa Ikweta, kwa hiyo haina majira ya usiku mfupi wala ya usiku mrefu. Anayenunua taa ya sola ya kuweka nje ya duka, ghala au ua ananunua saa kumi na mbili za mwanga, usiku baada ya usiku, mwaka mzima.

Saa hizo kumi na mbili ndizo ambazo boksi halizitaji. Boksi hutaja wati: 100, 200, 300, na siku hizi hata 1,000. Hutaja pia kwa maandishi makubwa kwamba taa inawaka "usiku kucha". Kuanzia Kariakoo mjini Dar es Salaam hadi Kampala na Kigali, maboksi ni yaleyale na ahadi ni zilezile, na mzigo ukifika Kamembe nusu yake huwa tayari una safari ya kuvuka Mto Ruzizi kwenda Bukavu.

Yanayofuata anayajua kila aliyewahi kuuza bidhaa hii. Usiku wa kwanza taa inang'aa mpaka jirani anatoka kuangalia. Saa tatu usiku imeanza kufifia. Saa tano imekuwa kama kaa la moto linalokaribia kuwa jivu, na saa saba mlinzi anamulika magunia kwa tochi ya simu. Asubuhi mteja yuko mlangoni na taa yake mkononi. Kama ametoka Bukavu, amepanga foleni, ameonyesha hati zake, amevuka daraja, na hasira yake imepanda kila hatua.

Anayeumia hapo ni muuzaji mdogo. Kiwanda kiko mbali, na muuzaji wa jumla wa Kigali au Kampala atasema mzigo ulitoka dukani kwake ukiwa mzima. Mama aliyechukua katoni moja kwa fedha za kikundi cha kuweka na kukopa ndiye anayebaki na taa zilizorudishwa na marejesho ya mwezi. Wahenga walisema usiku wa deni haukawii kucha, lakini anayelala na mzigo wa namna hiyo dukani huuona mrefu sana.

Linashangaza kidogo jambo hili kutokea hapa. Mto unaotenganisha Rusizi na Bukavu ni mto wa umeme. Bwawa la Ruzizi I lilijengwa upande wa Kongo mwishoni mwa miaka ya 1950, na Ruzizi II, linaloendeshwa na kampuni ya pamoja ya Rwanda, Burundi na Kongo, lilianza kazi mwaka 1989. Lakini umeme wa mto ni mmoja na miji inayoungoja ni mingi. Wateja wa Bukavu wanajua kukatika kwa umeme kuliko wanavyojua kuwaka kwake, na ndiyo sababu taa za sola zinauzika.

Kwanza, namba yenyewe ya wati. Tuseme taa inayouzwa kwa jina la wati 300 kweli inatumia wati 300. Kwa saa 12 ingehitaji wati-saa 3,600 kila usiku. Betri ya lithiamu ya aina inayoandikwa LiFePO4, ambayo ndiyo bora kwa kazi hii, hubeba takribani wati-saa 120 kwa kila kilo. Betri ya taa hiyo ingekuwa na uzito wa kilo 30. Paneli ya kuijaza kwa siku moja ya jua zuri ingefika mita za mraba sita na zaidi, takribani mabati matatu ya kuezekea. Taa ya wati 300 inayouzwa sokoni, pamoja na paneli yake, inavuka daraja kichwani mwa mtu mmoja, na mkono mmoja umebaki wa kumshika mtoto.

Basi namba hiyo hutoka wapi? Mara nyingine mtengenezaji amehesabu vidoa vya LED vilivyo ndani na kukipa kila kimoja wati moja, hata kama umeme unaokifikia ni sehemu ndogo tu ya hiyo. Mara nyingine anadai mwanga wake unalingana na taa ya zamani ya wati 300. Na mara nyingi namba ni jina tu la bidhaa, kama gari linavyoitwa kwa namba. Mfanyabiashara aiache ilipo na atafute maandishi madogo ubavuni mwa boksi au nyuma ya taa, mahali panapoandikwa uwezo wa betri, uwezo wa paneli na kiasi cha mwanga kwa lumeni. Taa ambayo haijaandikwa hata kimoja kati ya hivyo haifai kubebewa nauli.

Betri huandikwa kwa mAh na volti. Zidisha mAh kwa volti, gawanya kwa 1,000, umepata wati-saa, yaani akiba halisi ya umeme. Betri ya mAh 20,000 yenye volti 3.2 ni wati-saa 64. Gawanya kwa saa 12 za usiku wa Rusizi: wati 5.3. Toa kidogo kwa ajili ya upotevu na kwa sababu betri haipendi kukamuliwa hadi tone la mwisho, zinabaki kama wati nne na nusu. Huo ndio uwezo wa kweli wa taa hiyo ikiwa itakesha kwa mwanga usiobadilika. LED nzuri hutoa lumeni 100 hadi 130 kwa kila wati, kwa hiyo mwanga wake ni kama lumeni 500. Balbu ya zamani ya waya ya wati 40 ilitoa kama 450, na ile ya wati 60 ilitoa kati ya 700 na 800. Kwa hiyo taa yenye maandishi ya wati 300, ikikesha, ni ndugu wa balbu ya wati 40 iliyokuwa ikining'inia kwenye baraza la bibi.

Taa hiyo si mbaya. Mahali penye giza kamili, lumeni 500 zilizofungwa urefu wa mita tatu zinatosha kuonyesha mlango, kufuli na mtu anayesogea. Ubaya unakuja mnunuzi anapoilipia kama taa ya uwanja wa mpira, au anapoifunga kwenye ua wa ghala akitarajia imulike hadi ukuta wa pili.

Kuna mtego mwingine katika mAh. Boksi moja limeandikwa 40,000 mAh, jingine 10,000 mAh, na mteja anakimbilia la kwanza. Lakini la kwanza ni la volti 3.2 na la pili ni la volti 12.8. Zidisha yote mawili: kila moja lina wati-saa 128. Hakuna kubwa wala dogo. Muuzaji asiyeangalia volti anaweza kulipa zaidi kwa namba ndefu na kuiacha nzuri rafuni.

Maandishi hata hivyo yanaweza kudanganya, ya makubwa na ya madogo. Hapo ndipo mizani ya sokoni, ileile inayopimia unga na sambaza, inapokuwa na kazi. Taa nyingi za aina hii hutumia vidonge vya betri vyenye unene wa milimita 32, na kidonge kimoja cha LiFePO4 cha ukubwa huo hubeba karibu mAh 6,000 na huwa na uzito wa kama gramu 140. Anayedai mAh 30,000 anadai vidonge vitano, yaani gramu 700 za betri peke yake, kabla ya kioo, chuma na plastiki. Ikiwa taa nzima, bila paneli, haifiki gramu 700, betri iliyoandikwa haimo ndani.

Vidonge vyembamba, vya milimita 18 kwa 65 kama vile vya tochi na kompyuta za mkononi, vina ukomo wake pia. Vilivyo bora kabisa hufika karibu mAh 3,500, na vya LiFePO4 ni chini ya hapo. Kidonge cha ukubwa huo kilichoandikwa mAh 9,900 ni uongo ulioviringishwa karatasi ya rangi. Fundi wa simu yeyote wa Kamembe anavifahamu, na kumlipa fedha kidogo afungue taa moja kabla ya kununua hamsini ni matumizi yenye akili kuliko mengi.

Paneli nayo hupimwa kwa utepe wa fundi cherehani. Paneli nzuri za siku hizi hutoa takribani wati 200 kwa mita moja ya mraba jua likiwa kali. Maana yake kila sentimita za mraba 50 hutoa wati moja. Pima sehemu nyeusi tu bila fremu, zidisha urefu kwa upana, gawanya kwa 50. Paneli ya sentimita 35 kwa 35 inatoa wati 24, na hicho ni kikomo cha juu. Yenye vipande duni hutoa pungufu. Ikiwa boksi lake limeandikwa wati 60, jibu liko kwenye utepe.

Jua kali lenyewe si la siku nzima. Asubuhi na jioni mwanga huja kwa upande, na mawingu ya Nyungwe hayako mbali. Siku nzuri ya kiangazi, Juni hadi Agosti, inaweza kuhesabiwa kama saa nne au tano za jua kamili. Siku ya masika yenye mvua inaweza kushuka hadi saa mbili au mbili na nusu, na Rusizi ina mvua za kutosha kuanzia Septemba hadi Desemba, na tena kuanzia Machi hadi Mei. Hapa wauzaji wengi hujikwaa bila kujua. Taa waliyoijaribu Julai ikakesha ndiyo inayorudishwa Aprili, na mteja hawezi kuelewa kwa nini kitu kilichofanya kazi miezi mitatu kimeharibika. Hakijaharibika, kina njaa.

Hesabu ya kuivusha taa msimu wa mvua ni hii. Tuseme mtu anataka wati tano za kweli, usiku kucha. Hizo ni wati-saa 60 kwa usiku. Kwa sababu kuna siku jua halionekani kabisa, betri iwe ya usiku mbili: wati-saa 120. Paneli nayo iweze kurudisha wati-saa 60 kwa siku mbaya yenye saa mbili na nusu za jua, na katika kila wati kumi zinazopokelewa karibu tatu hupotea njiani. Inakuja wati 34 au 35, yaani paneli ya kama sentimita 35 kwa 50. Kwa taa moja yenye mwanga wa kati ya balbu mbili za bibi! Anayeona vifaa hivyo ni vikubwa mno kwa taa ndogo namna hiyo ameanza kuelewa kwa nini zile nyingine zinazimika.

Si kila mahali, lakini, panahitaji mwanga mmoja usiobadilika hadi asubuhi. Taa nyingi huja na rimoti yenye vibonye vya saa tatu, tano na nane, na kingine kinachoitwa "auto". Taa ikiwekwa kwenye saa tano, itawaka saa tano, hata betri ikiwa nzima na imejaa. Kuna taa zilizorudishwa dukani kwa kosa la kibonye tu. "Auto" kwa kawaida huanza kwa nguvu zote kwa saa chache, kisha hupunguza mwanga hatua kwa hatua kadiri betri inavyoshuka. Nyingine zina sensa ya mwendo: hubaki na mwanga hafifu, na mtu akipita karibu hupanda hadi nguvu zote kwa nusu dakika au zaidi.

Kwa duka lililofungwa usiku, sensa ndiyo inayotunza fedha. Taa inayokaa kwenye wati moja kwa saa kumi na kupanda hadi wati kumi kwa jumla ya saa mbili inatumia wati-saa 30. Betri ileile ya wati-saa 64 iliyokuwa ikihangaika kukesha sasa ina akiba ya usiku wa pili. Na mwizi aliyezoea giza huogopa zaidi taa inayoshtuka kuliko taa iliyotulia. Ila taa ya sensa isifungwe ikitazama barabara, maana kila pikipiki inayopita itaiamsha.

Kwa mahali ambapo watu wanafanya kazi usiku, sensa ni kero. Wanaopakia nyanya, vitunguu na mchele wa Bugarama kabla ya alfajiri ili wawe wa kwanza mpakani hawawezi kupunga mikono kila nusu dakika ili waone wanachofunga. Hao wanahitaji mwanga wa kudumu, na ni heri wanunue betri kubwa moja yenye paneli yake pembeni na balbu mbili tatu za volti 12, kuliko taa nne za boksi zenye betri ndogondogo. Mafundi wengi wa sola watasema hivyo wakiulizwa, ingawa duka linapenda zaidi kuuza boksi.

Wanaoijua hesabu hii bila kuisomea ni wavuvi wa sambaza wa Ziwa Kivu. Dagaa hao waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na huvuliwa usiku kwa mwanga: taa huning'inizwa juu ya maji, samaki wanaufuata, wavu unainuliwa. Mbalamwezi ikiwa kubwa kazi hupungua, kwa sababu taa haiwezi kushindana na mwezi. Kwa miaka mingi walitumia taa za pampu za mafuta, na LED zikaja kupunguza gharama hiyo. Mvuvi aliye katikati ya ziwa saa nane usiku hawezi kurudisha taa dukani, kwa hiyo hujali betri kabla ya kujali maandishi. Wafanyabiashara wa nchi kavu wangeweza kuwauliza.

Aina ya betri ina maana kwa umri pia. LiFePO4 hutajwa kustahimili kama mizunguko 2,000 ya kujaza na kutumia, na taa ya kukesha hufanya mzunguko mmoja kila usiku, kwa hiyo ni zaidi ya miaka mitano. Lithiamu za kawaida za volti 3.7 mara nyingi hutajwa kwa mizunguko 500, mwaka mmoja na nusu hivi. Joto huzifupisha zaidi. Kamembe kuna ubaridi, lakini mzigo unaoshuka Bugarama unaingia bonde lililo chini kuliko sehemu zote za Rwanda, lenye joto lake, na ukivuka kwenda Kamanyola na Uvira joto linakwenda nao. Kwa wateja wa huko, neno LiFePO4 kwenye boksi, likithibitishwa na mizani, lina thamani ya fedha. Na taa iwe ya kufunguka kwa skrubu. Iliyogundishwa betri yake ikifa, nayo imekufa.

Kuhusu mvua, tafuta IP65 au zaidi. Namba ya kwanza, 6, ni kuzuia vumbi. Ya pili, 5, ni kuhimili maji yanayorushwa. Inatosha kwa taa iliyofungwa ukutani.

Bei ndiyo inayoamua kila kitu mwishoni, na bei inaweza kugawanywa. Tuchukue mfano wa kubuni. Taa ya kwanza inauzwa faranga 20,000, imeandikwa wati 300, na baada ya mizani na hesabu ina wati-saa 32. Ya pili inauzwa faranga 36,000, imeandikwa wati 100 tu, lakini ina wati-saa 96. Ya kwanza imegharimu faranga 625 kwa kila wati-saa, ya pili 375. Ya "rahisi" ni ghali karibu mara mbili, na ndiyo itakayorudi. Muuzaji anayeweza kumwonyesha mteja hesabu hiyo kwenye kikokotoo cha simu hana haja ya kubishana naye kuhusu bei ya jirani.

Zipo njia za kuthibitisha zaidi ya mizani. Mpango wa ubora wa Lighting Global wa Kundi la Benki ya Dunia, ambao kazi yake ya upimaji imechukuliwa na VeraSol tangu 2020, unaweka kwenye intaneti orodha ya bidhaa za sola zilizopimwa maabara, na kuisoma ni bure. Taa nyingi kubwa za sokoni hazimo. Zilizomo hugharimu zaidi, lakini namba zake zimepimwa na mtu asiye muuzaji. Mashirika ya viwango, RSB la Rwanda, TBS la Tanzania, UNBS la Uganda, KEBS la Kenya na OCC la Kongo, nayo yana alama au vyeti vyake, na mwenye mzigo mkubwa aulize mapema ni hati gani inayotakiwa upande anaouingia.

Mpakani kuna kosa moja linalojirudia. Utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambao Kongo nayo imo kama nchi mwanachama tangu 2022, unawaruhusu wafanyabiashara wadogo kuvusha mzigo usiozidi dola 2,000 kwa cheti kilichorahisishwa cha uasilia. Lakini cheti hicho ni cha bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Taa iliyotengenezwa China haiwi ya Afrika Mashariki kwa kununuliwa Kigali. Anayeichanganya na mchele na maharage akitegemea cheti kimoja anaweza kuzuiliwa mzigo wote. Tena, sheria ya forodha ya Jumuiya imekuwa na msamaha kwa vifaa maalumu vya kuzalisha umeme wa jua, ila taa iliyokamilika ina nambari yake: katika orodha ya forodha ya 2022, taa za sola za LED ziko kwenye 9405.41. Kumuuliza wakala wa forodha kwa kutaja nambari hiyo kunapata jibu la haraka kuliko kusema "sola".

Baada ya kununua, taa nzuri inaweza kuuawa na ufungaji. Paneli iliyo chini ya upenu au tawi la mparachichi haijazi betri, hata ikifunikwa kona tu, kwa kuwa vipande vyake vimeungwa kama mnyororo. Ni bora kununua taa yenye paneli iliyotengana nayo kwa waya wa mita tatu hadi tano, ili taa ikae chini ya paa na paneli juu yake. Karibu na Ikweta jua hupita utosini, kwa hiyo upande wa kuelekeza paneli si jambo la kugombania. Mwinamo wa digrii kumi hadi kumi na tano unatosha, hasa ili mvua ioshe vumbi badala ya kutuama. Kando ya barabara ya vumbi, kitambaa chenye maji mara mbili kwa mwezi hurudisha mwanga uliodhaniwa umezeeka. Na kwa kuwa paneli nayo huibwa, skrubu zake zipigwe kwa namna isiyofunguka kwa bisibisi ya kawaida.

Limebaki jaribio, ambalo linahitaji taa moja na siku nne. Kabla ya kuchukua katoni, nunua moja. Iache juani siku mbili ikiwa imezimwa, ijae. Jioni ya siku ya pili, saa kumi na mbili kamili, iwashe katika mwanga utakaotumiwa na mteja, si ule mkali wa kumvutia dukani, kisha iangalie saa tatu, saa sita na alfajiri. Asubuhi funika paneli kwa gunia, siku nzima, kana kwamba ni Aprili. Jioni iwashe tena bila kuijaza. Ikifika alfajiri ya pili, hata kwa mwanga hafifu, inaweza kuuzwa Bukavu. Ikifika saa sita usiku wa pili, inaweza kuuzwa kwa mteja aliyeambiwa ukweli huo. Ikizimika usiku wa kwanza, hasara ni ya taa moja.

Matokeo yaandikwe kwa kalamu kwenye boksi lenyewe: saa ilizowaka, kibonye kilichotumika, tarehe. Risiti ya mashine ya EBM iliyotolewa na muuzaji wa jumla ibaki na muuzaji, na mteja apewe yake yenye muda wa dhamana ulioandikwa, hata kama ni miezi mitatu. Mteja wa ng'ambo akirudi na taa mkononi, kitu cha kwanza cha kumwomba ni rimoti, kuona imewekwa kwenye saa ngapi.